Shajara ya mradi: ankara ilipwe mara moja tu

Februari, Jumatatu

Kazi imeidhinishwa leo. Programu ya uhasibu tunayoitunza kwa mfanyabiashara wa jumla hapa Kigoma mjini itawekewa kinga ili deni moja lisilipwe mara mbili. Kampuni sitaitaja. Inaleta simenti, mabati na sukari kutoka Dar es Salaam kwa reli na kwa malori, inanunua mawese na dagaa kwa watu wa mwambao, inachukua chumvi Uvinza, na mzigo mwingi inauvusha ziwa kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura. Wanaoidai ni wa kila namna. Kuna viwanda vinavyotuma ankara za PDF, wasafirishaji wenye vitabu vya kaboni, na akina mama wa mawese ambao ankara yao ni kipande cha karatasi ya daftari.

Ombi la mhasibu mkuu ni sentensi moja: "Mfumo ukatae kulipa ankara iliyokwisha kulipwa." Ni ombi la haki, ila limebeba mambo mengi kuliko linavyoonekana, ndiyo maana nafungua shajara. Wanaotunza mifumo ya aina hii Kasulu, Tabora au Mpanda watakutana na haya haya.

Hali ilivyo sasa: ukiingiza namba ya ankara ambayo muuzaji huyo ameshawahi kuwa nayo, skrini inaonya, na chini ya onyo kuna kitufe cha Endelea. Hifadhidata yenyewe haikatai kitu. Programu zilizozoeleka nazo zina ukaguzi wa jamii hii. QuickBooks ina chaguo la kuonya namba ya bili ikijirudia kwa muuzaji mmoja. SAP inalinganisha muuzaji, sarafu, namba ya rejea, tarehe na kiasi. Ni msingi mzuri, lakini yote hayo yanategemea mtu aandike namba ile ile kwa namna ile ile, kwa muuzaji yule yule. Kwenye ofisi yenye karatasi za kaboni, hilo ndilo jambo la kwanza kuvunjika.

Jumatano

Kutwa nzima nimekaa pembeni ya dada anayeingiza ankara, msimbo sikuugusa. Nilitaka kuona deni moja linapataje kuingia mara mbili. Jibu halikuchelewa: karatasi za deni moja haziji pamoja.

Lori la mabati limefika asubuhi, dereva akakabidhi nakala nyeupe pamoja na hati ya mzigo. Picha ya karatasi hiyo hiyo ilikuwa imeshatangulia juzi kwa WhatsApp kwa mtu wa manunuzi, naye akaichapa na kuileta mezani. Fedha isipotoka hadi mwisho wa mwezi, msafirishaji atapita na nakala ya pinki kuulizia, na ana haki ya kuulizia. Hapo deni ni moja, karatasi ni tatu, na kila karatasi imepitia mkono wake.

Halafu kuna ndugu za ankara. Proforma, yaani ankara ya awali, hutangulia mzigo, kiasi chake ni kilekile, namba mara nyingi siyo. Taarifa ya akaunti ya mwisho wa mwezi inakusanya ankara zote ambazo hazijalipwa na kuweka jumla chini kwa wino mzito. Karani mgeni akiiona anaiona ankara. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ikichelewa kuja, inafika peke yake ikiwa na kiasi kamili, na anayeipokea hana namna ya kujua kwa kuitazama tu kwamba fedha ilishatoka.

Nimekubaliana na mhasibu mkuu kwamba kinga ianzie pale karatasi inapoingia. Kuanzia wiki ijayo anayeingiza karatasi ataulizwa kwanza ni ya aina gani: ankara, proforma, nakala, taarifa ya akaunti au risiti. Ankara peke yake ndiyo itakayozaa deni. Nyingine zote zitaambatishwa kwenye deni lililopo, na kama deni halipo, zitasubiri. Picha za WhatsApp hazichapwi tena, zinapakiwa moja kwa moja kama kiambatisho. Na tumeagiza muhuri wa IMEINGIZWA wenye tarehe, upigwe juu ya kila karatasi kabla haijaondoka mezani. Naupenda muhuri huu kwa sababu unafanya kazi hata umeme ukiwa umekatika.

Alhamisi

Orodha ya wauzaji. Hapa ndipo ukaguzi wa zamani ulipokuwa ukipitwa kirahisi kabisa, kwa sababu mtu mmoja yumo mara mbili: mara kwa jina lake, mara kwa jina la duka lake, na wakati mwingine mara ya tatu kwa jina la duka lenye "& Sons" mwishoni. Mfumo unawaona watatu, na namba ya ankara inayojirudia kwa watu watatu haina kosa.

Jina haliwezi kuwa utambulisho. TIN, namba ya mlipakodi, inaweza, kwa wale walio nayo. Ni tarakimu tisa, watu wanaigawa kwa vistari tatu tatu au wanaiandika mfululizo, hivyo tunaondoa kila kisicho tarakimu kabla ya kulinganisha. Kwa wasio na TIN tunatumia namba ya simu inayopokea fedha, baada ya kuifanya 07, 2557 na +2557 kuwa kitu kimoja. Namba ya akaunti ya benki ni shahidi wa tatu: nimetoa orodha ya akaunti zote zinazotumiwa na zaidi ya muuzaji mmoja na kumkabidhi mkaguzi wa ndani, kwani swali la nani anapokea fedha kwenye akaunti ya mwenzake si la mwandika programu kulijibu.

Rekodi zilizojirudia hatuzifuti. Kila moja inapewa safu inayoielekeza kwa rekodi kuu, ili vocha za malipo za zamani zibaki na jina zililoandikiwa, na ukaguzi wote ufanyike kwa rekodi kuu.

Februari, Jumatatu iliyofuata

Kusafisha namba za ankara. Muuzaji mmoja, ankara moja, maandishi ya watu watatu: "INV/0045-24", "inv 45/24", "INV-045/24". Mtu anaona ni namba moja. Mashine inaona namba tatu.

Njia ya haraka ni kugeuza herufi zote kuwa kubwa na kufuta kila alama. Nimeikataa. Ukifuta alama zote, "INV-1-12" na "INV-11-2" zinakuwa INV112 zote mbili, na muuzaji wa watu atanyimwa fedha yake kwa ankara ambayo hajawahi kulipwa. Tunachofanya ni kuigawa namba kwenye mafungu, tukikata popote herufi inapokutana na tarakimu au penye alama, kisha tunaondoa sifuri za mbele za kila fungu la tarakimu, kisha tunaunganisha kwa kistari kimoja cha wima. Zile tatu za juu zote zinakuwa INV|45|24, na zile mbili za mtego zinabaki tofauti. Herufi O ikikaa katikati ya tarakimu inahesabiwa sifuri. I na l ndogo zikikaa hapo zinahesabiwa moja.

Namba iliyosafishwa inakaa kwenye safu yake, ile ya asili haiguswi. Anayetafuta karatasi kabatini anahitaji ile iliyoandikwa kwenye karatasi.

Jumanne

Nimeweka faharasa ya kipekee kwenye hifadhidata, yaani kanuni inayokataa jozi moja kuingia mara mbili: rekodi kuu ya muuzaji pamoja na namba iliyosafishwa. Muda si mrefu kumeonekana jambo ambalo nisingelijua kwa kukaa na kompyuta peke yangu.

Vile vitabu vya ankara vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi vimechapwa namba tayari. Kitabu kikiisha mtu ananunua kingine, na kingine nacho kinaanza 001. Msafirishaji wa kutoka Kasulu ana ankara namba 037 ya mwaka jana na ankara namba 037 ya mwezi huu, na zote mbili ni halali, safari tofauti, mzigo tofauti. Faharasa yangu ingemkatalia ya pili kwa haki zote za kimashine.

Kuongeza mwaka kwenye ufunguo, yaani kile kinachotambulisha deni, hakutoshi, maana mwenye safari nyingi anamaliza kitabu zaidi ya kimoja kwa mwaka. Kuongeza tarehe ya ankara kunafungua mlango upya, kwa kuwa picha ya WhatsApp isiyosomeka vizuri inaingizwa kwa tarehe ya leo. Nimewagawa wauzaji katika makundi mawili kwenye rekodi zao. Wenye namba zinazotolewa na mfumo wao, viwanda na mawakala wakubwa, faharasa ya kipekee inawabana bila msamaha. Wenye vitabu vya dukani, namba ya ankara ni kielelezo tu, na ufunguo wao utatoka mahali pengine.

Na wasio na namba kabisa? PostgreSQL, hifadhidata tunayotumia, kwa kawaida haihesabu thamani tupu mbili kuwa sawa, hivyo ankara zisizo na namba zinapita kwenye faharasa ya kipekee kana kwamba haipo. Toleo la 15, lililotoka 2022, linaruhusu uiambie izihesabu kuwa sawa, lakini kwetu hiyo ingekuwa mbaya zaidi: mama wa mawese angeuza mara moja tu maishani.

Machi, mwanzoni

Swali lililobaki nimelizungusha siku kadhaa, na aliyelifungua ni mzee wa ghala. Nilimwamkia, nikamweleza shida ya vitabu vinavyoanza 001. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavuta daftari lake la mapokezi.

"Kijana wangu, huyo analeta karatasi ngapi mimi sijui. Mimi najua kashusha mifuko mingapi."

Ndiyo hilo. Deni linazaliwa na mzigo uliopokelewa, karatasi inakuja kulidai. Kuanzia sasa kila shilingi ya malipo lazima ielekeze kwenye mstari wa hati ya mapokezi ya ghala, na kila mstari wa mapokezi unabeba hesabu mbili: kiasi kilichopokelewa na kiasi kilichokwisha kulipiwa. Cha pili hakiruhusiwi kuzidi cha kwanza, na katazo hilo liko ndani ya hifadhidata, wala si kwenye skrini. Mifuko 600 ya simenti ikishalipiwa mifuko 600, hakuna ankara nyingine itakayopata kitu kwenye mstari huo, iwe nyeupe, ya pinki, ya PDF au ya picha, iwe na namba 037 au haina namba kabisa. Wahasibu wanaijua njia hii kwa kulinganisha hati tatu: oda ya manunuzi, hati ya mapokezi na ankara. Tulichoongeza ni kwamba mstari wa mapokezi unaliwa kadiri unavyolipiwa, mpaka unakwisha.

Inatatua pia malipo ya sehemu, ambayo ukaguzi wa namba ulikuwa ukiyachanganya. Nusu ya fedha leo na nusu baada ya wiki mbili si malipo mawili ya ankara moja kwa maana mbaya, ni mstari mmoja unaoliwa kwa awamu.

Huduma hazina ghala, kila moja imehitaji ufunguo wake. Usafiri wa lori unashikwa na namba ya hati ya mzigo. Usafiri wa reli unashikwa na namba ya behewa pamoja na tarehe ya kupakiwa, kwani behewa lile lile litarudi Kigoma tena na tena. Pango linashikwa na jengo na mwezi, kwa sababu kodi ya pango ya Machi na ya Aprili zina kiasi kimoja, mlipwaji mmoja, na zote ni halali. Malipo ya serikali ni rahisi kuliko yote: namba ya malipo ya tarakimu 12 inatolewa kwa kila ankara, tunaiweka kama ufunguo wa kipekee na kuendelea na kazi nyingine.

Machi, Ijumaa

Risiti za EFD. Mashine hizi zilianza kutumika nchini 2010 na karatasi yake imejaa taarifa ambazo mifumo mingi inaziacha: TIN ya muuzaji, namba ya risiti, namba Z (ya ripoti ya siku), tarehe na saa, na msimbo wa uhakiki ambao unaweza kuuthibitisha kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Msimbo huo sasa una jedwali lake na haujirudii. Risiti moja inaweza kufunika ankara kadhaa, na ankara moja kubwa inaweza kuwa na risiti kadhaa, hivyo risiti na madeni yanaunganishwa kwa jedwali la katikati. Karani anasoma ile alama ya mraba kwa simu, haandiki kitu kwa mkono.

Machi, Jumatatu

Kitufe cha Lipa. Mwisho wa mwezi wahasibu wawili wanafanya kazi kwenye orodha moja ya vocha, na mtandao ukiwa mzito mtu anabofya, haoni jibu, anabofya tena. Hakuna aliyekosea hapo. Mfumo ndio unaopaswa kustahimili.

Mambo mawili yamefanyika. La kwanza, vocha inapoanza kushughulikiwa mstari wake unafungwa ndani ya hifadhidata mpaka muamala umalizike, kwa hiyo wa pili anasubiri na akifika anakuta vocha imeshatumwa. La pili, kila vocha inazaliwa na ufunguo wake wa malipo, namba isiyojirudia. Nasisitiza inazaliwa nao. Ufunguo ukitengenezwa mtu anapobofya, mibofyo miwili inatengeneza funguo mbili na kinga yote haina maana. Ukitengenezwa vocha inapoandaliwa, hata ubofye mara kumi ni ombi lile lile, na upande wa mtandao wa simu au benki tunaupeleka kama namba yetu ya rejea.

Kuna hali niliyoiongeza ambayo mfumo wa zamani haukuwa nayo. Awali vocha ilikuwa ama imelipwa ama imeshindikana. Lakini ombi likienda na jibu lisirudi, hatujui kama fedha imetoka. Mfumo wa zamani uliliita hilo "imeshindikana", na mtu mwaminifu akilipa tena, fedha inatoka mara mbili. Sasa kuna hali ya tatu, "haijulikani", na vocha iliyo humo haiwezi kutumwa tena na mtu yeyote, hata mkurugenzi, mpaka tuulizie kwa namba ya rejea au mstari wake uonekane au usionekane kwenye taarifa ya benki. Muuzaji anayepiga simu anaambiwa ukweli: tumetuma, tunasubiri uthibitisho.

Faili la malipo ya jumla linalopakiwa benki nalo lina alama yake. Tunapanga mistari kwa akaunti, kiasi na rejea, kisha tunakokotoa SHA-256 ya mistari hiyo pekee, alama inayobadilika hata herufi moja ikibadilika. Faili zima halifai kukokotolewa, kwa kuwa saa ya kulitengeneza imechapwa juu yake na kila mara alama ingekuwa mpya. Mfumo hautoi tena faili lenye mistari iliyokwisha kutolewa.

Machi, Alhamisi

Kufanana kusikokuwa sawasawa. Hapa ndipo hamu ya kuzidisha ukali inapokuja, na nimejaribu kuizuia.

Fred Damerau aliandika 1964 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya namna nne: herufi moja imebadilika, moja imepungua, moja imezidi, au mbili jirani zimebadilishana nafasi. Namba za ankara zina tabia hiyo pia. Lakini tofauti ya tarakimu moja kwetu haisemi mengi, kwa sababu 0456 na 0457 ni ankara mbili zinazofuatana za msafirishaji mmoja anayetoza bei moja kila safari. Kuonya kwa hilo ni kuonya kila siku. Tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, 0456 na 0546, kwa kiasi kilekile na muuzaji yule yule, hiyo ina uzito, na ndiyo tuliyoiweka.

Nyingine ni ya kiasi. Ankara iliyoingizwa mara moja kabla ya VAT na mara nyingine baada yake inaonekana kuwa mbili: 1,000,000 na 1,180,000. Kwa huduma zenye zuio la kodi la asilimia 5, jozi ni 1,000,000 na 950,000. Ukaguzi wa kiasi sasa unajaribu pia uwiano huo.

Haya yote yanatoa onyo, hayazuii. Mhasibu mkuu aliniambia neno nililolichukua kama sharti la kazi: "Kaka, mfumo ukiniuliza kila mara, nitazoea kubofya Ndiyo bila kusoma." Kwa hiyo onyo linaonyesha ankara mbili bega kwa bega, picha za karatasi zote mbili na mistari ya mapokezi, na halina kitufe cha Endelea. Lina vitufe viwili, Ni deni moja na Ni madeni mawili, na anayebofya ni mhakiki, si aliyeingiza. Sababu inaandikwa kwa maneno.

Machi, Jumamosi, Kibirizi

Nimekwenda kuwaona wauzaji wadogo kabla ya kuwasha kitu. Mama mmoja anayeleta mawese alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza ofisini:

"Mwanangu, mimi na binti yangu tunapokelea simu moja. Tukija na madumu siku moja, mtatuandika mtu mmoja?"

Kwa kanuni ya simu, ndiyo, tungewaandika mtu mmoja. Na madumu matano yake na matano ya binti yake, bei moja, siku moja, yangeonekana deni lililojirudia. Mtu aliyetoka kijijini kwa boti alfajiri hawezi kuambiwa arudi kesho kwa sababu ya kufanana. Kulipa mara moja maana yake pia ni kutolipa sifuri, na mfumo unaozuia mara mbili kwa kumnyima mtu mara yake ya kwanza umemwibia.

Nimebadilisha mambo mawili jioni hii. Simu moja sasa inaweza kuwa ya watu zaidi ya mmoja, kila mmoja na rekodi yake, iwapo mapokezi ya ghala yanawatambua kwa majina tofauti na hati tofauti. Na onyo lolote linalomhusu muuzaji wa papo kwa hapo linakwenda juu kabisa ya orodha ya mhakiki, lijibiwe kabla boti hazijaondoka. Mhakiki akisafiri, mamlaka yake yanakaimiwa na mtu aliyetajwa kwa maandishi. Onyo haliwezi kumsubiri mtu aliye Dar es Salaam.

Aprili, mwanzoni

Tumepitisha kanuni zote kwenye kumbukumbu za nyuma, kwenye nakala ya hifadhidata. Nyingi zilizoibuka zilikuwa halali na zimetusaidia kulegeza ukaguzi wa kiasi. Chache zilikuwa malipo mawili kweli, na zilifanana: muuzaji mwenye rekodi mbili, hundi upande mmoja na uhamisho wa benki upande wa pili, vocha moja ina karatasi nyeupe na nyingine ya pinki. Kwenye leja ya wadai mtu huyo anaonekana ana salio la upande usio wake, na salio hilo lilibebwa mwaka hadi mwaka bila mtu kuliuliza.

Mhasibu mkuu ameomba taarifa za akaunti kutoka kwa wauzaji hao kabla ya kudai chochote. Baadhi walikuwa wameshaliandika kwenye vitabu vyao kama fedha ya kampuni iliyokaa kwao na wamekubali ikatwe kwenye mzigo ujao. Kwenye mfumo malipo ya zamani hayafutwi. Marejesho yanaingizwa kama muamala wake, ukielekeza kwenye malipo yaliyozidi, na mstari wa mapokezi unabaki umelipiwa mara moja. Anayekagua miaka mitano ijayo aone fedha ilivyotoka na ilivyorudi.

Aprili, Jumatano

Imewashwa. Kwa wauzaji wenye namba za mfumo tumewasha kuzuia kabisa. Kwa wenye vitabu, mstari wa mapokezi ndio unaozuia. Dada wa mezani amesema kuchagua aina ya karatasi kunamchelewesha kidogo, lakini maswali ya "hii niliiingiza?" yamepungua mezani kwake. Mzee wa ghala ameomba hati ya mapokezi iwe na nafasi ya kuandika mifuko iliyochanika, isilipiwe, nimeiweka.

Aprili, Ijumaa

Kilichobaki ni ankara za ng'ambo ya ziwa. Wakala wa Bujumbura anaandika kwa dola, karani mmoja anaingiza dola, mwingine anaingiza shilingi kwa kiwango cha siku hiyo, na kiasi hakilingani hata kwa senti. Nimefanya sarafu ya karatasi kuwa ya lazima, ibadilishwe kuwa shilingi na mfumo peke yake, na ukaguzi ulinganishe kwa sarafu ya asili kwanza. Faranga za Burundi zinasubiri chanzo cha viwango ambacho mhasibu mkuu atakiidhinisha. Mpaka hapo, ankara za faranga zinapita kwa mhakiki mmoja mmoja, kwa mkono.